Mwenye Kutuza Haulizwi

Nilijitoa katika kundi la simu la wapenzi wa maigizo Jumamosi moja jioni, nimesimama kizingitini mwa nyumba ninayokaa na shangazi yangu hapa Mji wa Kale. Tangu siku hiyo wameniomba nirudi, mara kwa adabu, mara kwa dhihaka, nami kila ombi nalifuta. Najua kuna mchezo mwingine utakaoonyeshwa mwezi ujao. Najua pia kwamba wameshautolea maoni, ilhali waigizaji wenyewe bado wanasoma karatasi mkononi.

Niwaeleze watu hawa, nisije nikaonekana ninafoka bure. Michezo mingi inayoletwa kisiwani ni ile ya vitabu vya mtihani. Wanafunzi huletwa kwa mabasi, hupiga mayowe mhusika anapotongoza, hurudishwa shuleni. Mchezo wa watu wazima huja kwa nadra, na ukija sisi wenye ugonjwa huo twaenda sote: watu wa Mji wa Kale, watu wa Makupa, mabwana wa Kizingo na gari zao, makarani wa bandarini kama mimi. Ukumbi wenyewe si mkubwa. Magoti yanagonga kiti cha mbele, na ukutani upande wa kushoto kuna panka kubwa linalonguruma kiasi kwamba aliyekaa karibu nalo hupata upepo akakosa maneno. Panka hilo lina sehemu yake katika habari hii.

Baada ya kila onyesho kundi la simu hujaa. Karani mwenzangu wa kule Kilindini, mtu wa bara, huandika neno moja tu, "nilicheka" au "sikucheka", na huyo namheshimu. Lakini yuko bwana mmoja wa Kizingo ambaye huondoka kabla ya mwisho ili asikwame na gari langoni, kisha huandika maneno marefu kuhusu mwisho ulivyokuwa dhaifu. Yuko mama mmoja ambaye tangu nimjue hajaingia ukumbini hata siku moja, naye ndiye hutuonya kwamba michezo ya siku hizi haina maadili. Na wako wale ambao jukwaa hawalitazami kabisa. Wao huketi wamegeuza shingo, wakitazama nani kaja na nani, kavaa nini, kanuna kwa lipi. Hao ndio wengi, na hao ndio walionitia moto.

Shangazi yangu, dada wa baba, ndiye aliyenipa mimi ugonjwa wa maigizo. Ujanani alikuwa kiongozi wa ngoma za wanawake katika harusi, na sauti yake, waliomsikia wanasema, ilikuwa ikivuka mtaa. Siku hizi macho yamefifia, na miguu haipendi ngazi, lakini mwambie kuna mchezo Jumapili na tangu Alhamisi utamwona anapiga pasi leso mpya. Siku yenyewe hujifukiza udi, huvaa buibui lake zuri, huchomeka kikuba cha asumini kifuani, na kiganjani hushika noti iliyokunjwa. Noti ni kwa yatakayotokea. Kwenye ngoma zao hawakwenda mikono mitupu, na yeye haoni kwa nini jukwaa la maigizo liwe jingine.

Kwetu mwimbaji hatoshwi na makofi. Hutuzwa. Neno likikugusa, au likikupa nafasi ya kumgusa mwingine, unainuka, unakwenda mbele kwa madaha yako, unampa noti, unarudi kukaa. Ukumbi mzima umeona ni neno lipi lililokuinua, na sasa wana kazi ya kujua kwa nini. Hapo ndipo penye sheria. Mwenye kutuza haulizwi, wala hajielezi. Na anayedhani katupiwa yeye, naye haulizi, maana akiuliza amekiri. Atangoja siku nyingine, neno litakapoimbwa tena, ainuke naye alituze lile lile. Akifanya hivyo amejibu, na mambo yamekwisha. Nimeambiwa tangu udogoni kwamba sheria hii yalinda heshima za wanawake. Sasa naamini yalinda starehe ya wanaopenda kubahatisha.

Nyumba inayotazamana na yetu, mlango kwa mlango, ni ya bibi ambaye shangazi humwita somo, naye humwita shangazi somo, kwa kuwa jina lao ni moja. Kabla sijazaliwa shangazi alikuwa ameolewa Makupa. Mumewe akafa. Matanga hayajaanuliwa vizuri, mawifi wakamfuata chumbani wakamwambia afungue pindo la leso, kwani funguo za nyumba alikuwa amezifunga humo. Akafungua. Baba yangu, nduguye pekee, alikuwa Uarabuni kikazi. Basi shangazi akatoka, yumo ndani ya eda, wakati ambao mjane hapaswi kuhamishwa nyumbani kwake, akaja mpaka kichochoro hiki, na mlango uliofunguka ni wa somo yake. Alimaliza eda yake katika chumba cha chini cha nyumba ile. Baba aliporudi akataka kumpeleka mtaa mwingine, shangazi akakataa katakata, ikabidi baba ndiye ahamie huku. Ndivyo nilivyozaliwa mkabala na mlango ule.

Habari hii shangazi haisemi. Mimi nilielezwa na marehemu mama. Wazee waliokuwa wakiijua wametangulia mbele ya haki, na wapangaji wa leo wanajua tu kwamba vibibi wawili hawa hupelekeana sahani kila Ijumaa. Huku hutoka pilau, kule hutoka mahamri au kaimati, na sahani hairudi tupu. Hiyo ni kanuni hata kwa majirani wasiopendana.

Jirani yetu naye ana lake. Miaka michache iliyopita alifiwa na kaka, mjane wa kaka akaenda kwao Lamu, na nyumba ikabaki mikononi mwa jirani. Mjane aliondoka mwenyewe au aliondolewa, mimi sijui, na kwa kuwa sijui nimenyamaza. Wenzangu wa kundi hawakujaliwa kipaji hicho.

Sasa mchezo. Ulimhusu mjane na jamaa za mumewe, na sikuwahi kuona kitu kilichoandikwa vizuri hivi kwa watu wa pwani. Onyesho la kwanza lilikuwa Jumapili mchana. Tulikwenda watatu katika tuktuk moja, vibibi wakicheka njia nzima. Ndani tukaachana kidogo: shangazi na mimi tukakaa mbele kwenye ujia, kwa ajili ya macho yake, na jirani akachagua kiti cha ukutani karibu na panka, kwa kuwa joto humwelemea. Sikio lake moja halisikii vizuri. Nilimwambia pale hatapata maneno. Akanijibu kwamba maneno atayapata kwa kutazama nyuso.

Kabla ya mapumziko kuna mandhari ambapo wifi, aliyekwisha kuchukua nyumba, anarudi kudai hata kitanda. Anasimama mlangoni na mkono umenyooshwa. Mjane hapigi kelele. Anamtazama, kisha anamwambia taratibu: "Mlikuja na jeneza, mkaondoka na funguo. Leo mmekuja na nini?"

Kiti cha pembeni yangu kikalia. Shangazi alikuwa ameshasimama. Alikwenda mbele pole pole, mkono mmoja ukishika migongo ya viti, akafika ukingoni mwa jukwaa akaupandisha mkono wenye noti. Yule binti aliyeigiza mjane, msichana wa vyuo, hakuwa ameona jambo hilo maishani mwake. Alichuchumaa, akaipokea kwa mikono miwili, akaiweka katika sinia la mchezo, akaendelea kulia. Shangazi akarudi kukaa. Machozi yalikuwa yamemlowesha mashavu, na nilimshika mkono, na nilijua ni la nani neno lile. Ulikuwa utuzaji mzuri kuliko wote niliowahi kuona.

Nyuma yetu mwanamke mmoja akapiga kigelegele. Halafu nikasikia vile viti vinavyolia watu wanapogeuka. Hawakumgeukia mjane wala shangazi. Walikuwa wanatafuta nani katupiwa. Macho yao yakazunguka ukumbi, yakapita safu kwa safu, yakafika ukutani karibu na panka, yakatua kwa bibi ambaye kaka yake alikufa na nyumba ikabaki kwake. Wifi wa mjane, wakaona, si huyu hapa? Na yeye, ambaye hakusikia lolote, aliona mambo mawili tu: somo yake ameinuka na kutuza, na watu wote wanamtazama yeye.

Nje ya ukumbi sikusikia hata mtu mmoja akiuzungumzia mchezo. Binti yule alikuwa amelia bila kuziba uso, jambo gumu sana kwa mwigizaji, na hakuna aliyelitaja. Watu walisimama na viazi karai na mabuyu, wakisema bibi kamwaga mchele penye kuku wengi, wakisema somo gani hawa, wakisema kumbe kulikuwa na lao. Jirani alikuwa ameondoka kwa tuktuk nyingine, peke yake. Shangazi alimtafuta kwa macho yake mabovu kisha akaniuliza kama somo yake amekwenda kununua mabuyu.

Kufika Jumatatu kundi la simu lilikuwa limechafuka. Mmoja alisema shangazi alituza pale mjane aliposema wako waliokula nyumba ya ndugu yao. Hakuna maneno hayo katika mchezo. Mwingine akasema ni pale alipolaani tumbo la wifi. Hakuna. Bwana wa Kizingo, ambaye siku ile kwa bahati mbaya alikuwa hajaondoka bado, akaandika kwamba kitendo kile kilivunja mtiririko wa tamthilia. Yule mama asiyekuja akaandika: si niliwaambia? Nikawaandikia maneno yenyewe, nikawaambia neno halikumhusu mtu wa ukumbini. Nikajibiwa na watu chungu nzima kwa methali ninayoichukia kuliko zote: lisemwalo lipo, na kama halipo laja. Debe tupu ndilo lililoianzisha methali hiyo, sina shaka. Karani mwenzangu peke yake aliandika, "Sikucheka."

Maneno ya kundi yaliingia kichochoroni kwetu kwa vinywa vya mabinti na wakwe, na kila mlango uliyatia chumvi. Ijumaa shangazi akapika pilau, akafunika sahani kwa kawa, nikaivusha. Akaipokea mke wa mtoto wa jirani, kijana mpole, hakunitazama usoni. Kabla ya alasiri sahani ikarudi. Ilikuwa imeoshwa ikang'aa, na ilikuwa tupu.

Shangazi aliishika muda mrefu, akapitisha kidole juu yake kama anatafuta punje. Kisha akaiweka kabatini, mahali pake. Siku ile hakula, na mimi nilikasirika. Nilimwambia navuka sasa hivi nikamweleze jirani maneno yalikuwa nini na yalimgusa nani.

"Huvuki," akasema. "Mwenye kutuza hajielezi. Nikijieleza leo, siku zote nlizotuza zitakuwa za kueleza."

"Lakini hakusikia, shangazi. Yeye ameambiwa mengine."

"Basi na aulize."

"Hawezi kuuliza. Akiuliza amekiri."

"Wayajua hayo, na bado wanisumbua," akasema, akanigeuzia mgongo.

Nilivuka hata hivyo. Nilivuka siku mbili tofauti, na mara zote mke wa mtoto akanijibu kwa upole uleule kwamba mama amepumzika. Nikabaki kichochoroni baina ya milango miwili, na kila upande mwanamke aliyejifungia kwa heshima. Nikasema kimoyomoyo heshima hii ilaaniwe. Vibibi hawa walikuwa wamezikiana waume, wamekandana migongo, na sasa kila mmoja alikuwa akimsikiliza mwenzake akikohoa ng'ambo na hamna anayesema pole. Kila jioni shangazi alipunguza kula. Alikuwa haendi barazani tena, na asumini ya kikuba alichovaa siku ile ilinyauka juu ya meza, akanikataza nisiitupe.

Onyesho la pili lilikuwa litolewe Jumamosi ya wiki iliyofuata, mchana pia. Tumaini langu lote nililiweka hapo. Shangazi angeenda, jirani huenda angekuja, na sheria yao wenyewe ingewapa njia: jirani angelisikia neno sawasawa, angelijua, na kama angetaka kujibu angejibu. Niliwaza hata namna ya kuomba panka lizimwe.

Alhamisi mwongozaji wa mchezo akanipigia simu ofisini. Ni mtu mwenye adabu, sitamsingizia. Alinipa salamu ndefu, akaniuliza hali ya shangazi, kisha akaniambia kwamba wamezingatia maoni ya watazamaji na ule mstari wameukata. Nikamuuliza mstari una kosa gani. Akasema hauna kosa, tena ndio mzuri kuliko yote, ila watu wamesema sana, na wenye ukumbi wanaogopa fujo.

"Na jambo jingine, dada," akasema, "kama hutojali, safari hii mama mkubwa apumzike nyumbani. Mimi nataka amani tu."

Malori yalikuwa yakipiga honi nje ya dirisha na sikuweza kumfokea nilivyotaka. Nilimwambia kwamba amani ya kumfungia bibi ndani ni amani ya jela. Nikamwambia amewasikiliza wasiotazama akamfukuza aliyetazama. Nikamuuliza kama angekata na mandhari ya kifo endapo watu wangelalamika kwamba kufa kunawahusu. Aliyapokea yote, akasema ananielewa, na mtu akikwambia anakuelewa kwa sauti ile ujue shauri limekwisha.

Nilimweleza shangazi jioni, kwa kuwa sikuwa na njia ya kumficha. Leso mpya ilikuwa imeshapigwa pasi, imening'inizwa kwenye kiti. Aliniambia hata hivyo miguu ilikuwa ikimuuma, hakuwa na nia ya kwenda. Kisha akaikunja ile leso taratibu akairudisha sandukuni. Nililala na hasira nikaamka nayo.

Jumamosi nikaenda peke yangu. Nilikwenda kwa ghadhabu, nikaone kwa macho yangu shimo walilolichimba katika mchezo. Nilikuwa nimekaa katikati, watu wanaingia, na ghafla mazungumzo yakapungua sauti. Jirani yetu alikuwa anashuka ujiani. Alivaa buibui jipya, na chini yake leso ambayo bado ilikuwa ngumu kwa upya. Asumini yake niliinusa kabla hajanifikia. Hakwenda upande wa panka. Alipita mpaka mbele, akakaa kwenye kiti kile kile alichokuwa amekaa shangazi, na kiganjani, nikaona alipoweka mkono juu ya goti, ameshika noti.

Nilimwelewa mara moja. Alikuwa amekuja kujibu. Alikuwa amejikaza wiki nzima ile aje, mbele ya wote waliomtazama, ainuke kwa neno lile lile alilotuza somo yake, alituze, ionekane halimdhuru. Alikuwa amefuata sheria hatua kwa hatua, na neno lenyewe halikuwepo.

Mandhari ikafika. Wifi akasimama mlangoni, mkono akaunyoosha. Jirani alikuwa anaikumbuka ishara hiyo, maana aliiona ingawa hakusikia. Akainuka. Akapiga hatua mbili kwenda mbele, akasimama, akageuza sikio lake zima upande wa jukwaa, akangoja.

Mjane akamtazama wifi. Kimya kikapita, kimya cha mahali palipokuwa na maneno. Kisha binti akasema, "Kitanda ki ndani," akageuka zake.

Jirani aliendelea kusimama. Noti ilikuwa mkononi, mkono uko hewani nusu. Alimtazama binti, akamtazama wifi, kama mtu aliyeshuka stesheni isiyokuwa yake. Mstari ulipokuwepo ulikuwa wa mchezo, na watu wangeweza kubishana ni wa nani. Ulipokatwa haukubaki wa mtu mwingine ila yule aliyesimama akiungoja. Nyuma yangu mtu akacheka puani. Mwingine akamnong'oneza mwenzake, "Ona, amejitoa mwenyewe." Niliinuka. Naapa kama nisingekuwa na haraka ya kumfikia yule bibi ningewageukia nikawatia adabu mmoja mmoja. Nilimshika mkono, tukatoka naye kwa mlango wa pembeni.

Nje jua lilikuwa bado kali. Alinishika mkono kwa nguvu.

"Yale maneno yako wapi?" akaniuliza.

"Wameyakata, mama."

"Kwa nini?"

"Wasema ni kwa ajili yako. Wasikuudhi."

"Miye niliwaomba?" Akaitazama noti yake. "Nilikuya niyasikie. Siku ile lile panka languruma, sikusikia hata neno. Wote wanambia, na kila mmoja anambia lake."

Nikafungua kinywa nimwambie, pale pale njiani. Akanizuia kwa kiganja.

"Si weye," akasema. "Aliyeyatuza yuko nyumbani?"

Tuktuk ilikwama foleni zaidi ya saa nzima, naye akakaa wima, noti bado kiganjani, na asumini yake imejaza chombo kizima. Tulipofika kichochoroni nilitazama kama atapinda upande wa mlango wake. Hakupinda. Akagonga mlango wetu, akabisha hodi kwa sauti ya juu, na ndani nikasikia kiti kikiburuzwa.

Shangazi akafungua. Alikuwa amevaa leso ya nyumbani, kongwe, iliyopauka. Walitazamana. Hakuna aliyesema karibu na hakuna aliyesema ahsante.

"Nambia yale maneno," akasema jirani. "Sikuyasikia."

Shangazi alinitazama mimi, na katika kutazama huko niliona anapima: amebishwa hodi, ameulizwa, na sheria imevunjwa na mwingine, si yeye. Akashika mwimo wa mlango. Akasimama alivyokuwa akisimama zamani mbele ya ngoma, nadhani, maana sikuwahi kumwona hivyo. Akasema, kwa Kimvita chake, wala hakulia:

"Mlikuya na jeneza, mkondoka na funguo. Leo mmekuya na nini?"

Macho ya jirani yalishuka usoni mwa shangazi, yakashuka kifuani, yakafika kwenye pindo la ile leso kongwe, yakakaa hapo.

"Kuna funguo mle manenoni," akasema.

"Zimo."

"Mbona hapana alonambia kuna funguo?" Sauti ilimpanda. "Siku ile umekuya kwangu, pindo la leso li wazi, wanionyesha, wanambia, somo, wamenifungua hapa. Hilo lako weye. Si langu hilo. Nani aloniletea akanambia langu?"

"Nani kakwambia?"

"Wote."

Simu ilitetemeka mkononi mwangu. Nikaitazama kwa mazoea tu. Onyesho lilikuwa limekwisha, na kundi lilikuwa linapongezana. Safari hii mchezo umetulia, aliandika mmoja. Mwongozaji ahongerwe kwa kusikiliza maoni ya watazamaji. Bwana wa Kizingo akasema mwisho ulikuwa dhaifu. Mwingine akauliza kama mchezo wa mwezi ujao utakuwa wa kuchekesha, na yule mama asiyekuja akajibu kwamba amesikia hauna maadili. Hapo ndipo nilipobonyeza nikatoka.

Nilipoinua uso vibibi walikuwa wanagombana. Walikuwa wanagombana hasa, milango yote miwili wazi, na kichochoro kizima kinasikia.

"Hukuuliza," alikuwa anasema shangazi.

"Nawe hukusema."

"Sahani yangu umeirejesha tupu. Tupu, somo. Nimeipapasa yote."

"Nlikuwa na hasira."

"Na miye sina?"

Jirani aliivuta leso ya shangazi kwa ghadhabu, akalishika lile pindo, akaiweka noti yake ndani, akakunja, akafunga. Mikono yake ilikuwa haina nguvu na fundo likawa linalegea, naye akalirudia, akalirudia, mpaka likakaza.